Ukishapata cha kwanza, cha pili ndo kinakuponyoka: jinsi ya kutafuta kwa macho bila kuacha vitu nyuma

Kuna siku nilipewa tangazo la ukurasa mmoja nilipitie kabla halijaenda kuchapwa. Kichwa chake kilikuwa na kosa kubwa, neno zima limerukwa, nikaliona hapo hapo nikalizungushia kalamu nyekundu, nikashuka taratibu hadi chini, nikasaini, nikarudisha. Likachapwa. Mistari miwili tu chini ya kile kichwa kulikuwa na namba ya simu iliyopungua tarakimu moja, na watu wakahangaika nayo siku kadhaa kabla hatujashtuka. Iliniuma sana, maana sikusoma kwa pupa, macho yalipita pale pale juu ya ile namba, na mpaka leo naamini kama kichwa kingekuwa safi ile namba ningeiona.

Tangu hapo nimelifuatilia hili jambo kwa karibu kwa sababu kupitia maandishi ya watu ndo kazi yangu ya kila siku, na nimekuta kwamba wala si uzembe tu, ndivyo macho na akili ya binadamu vinavyofanya kazi. Ukitafuta vitu ambavyo vinaweza kuwa zaidi ya kimoja, kile cha kwanza ukishakipata kinakupunguzia uwezo wa kukiona cha pili. Wataalamu wa picha za eksrei walianza kulisema hili tangu miaka ya 1960, wakaliita kuridhika na utafutaji, yaani umepata kivimbe kwenye pafu basi ule ufa mdogo wa ubavu kwenye picha hiyo hiyo unakupita. Baadaye, 2013, mtafiti Stephen Mitroff na wenzake wakapendekeza jina lingine ambalo halimlaumu mtu kuwa ameridhika, wakasema tu ni kukosa vinavyofuata, na nadhani walifanya vizuri kulibadilisha, nitaeleza kwa nini.

Kwanza hebu jaribu mwenyewe. Soma haya maneno mara moja tu, kwa mwendo wako wa kawaida, utafute makosa:

"Mkutano wa kamati utafanyika Jumatano tarehe 14, saa nne asbuhi, katika ukumbi wa wa pili. Wajumbe watatu, yaani mwenyekiti, katibu, mweka hazina na msaidizi wake, wafike mapema."

Umepata mangapi? "Asbuhi" karibu kila mtu analiona. Ile "wa wa" kabla ya "pili" inawapita wengi. Na la tatu ndo gumu kabisa, wamesema wajumbe watatu halafu wakataja wanne, hapo hakuna herufi iliyoharibika, kila neno ni zima, kosa liko kwenye kuhesabu. Kama ulipata yote matatu hongera, ila jua nilishakuambia utafute, na maneno yenyewe hayafiki hata 30. Kwenye ripoti ya kurasa 40 saa kumi jioni mambo ni mengine kabisa.

Sasa kwa nini inatokea. Wengi wanadhani mtu akipata cha kwanza anaridhika, anaacha kutafuta. Inatokea, ila siyo sababu pekee. Watafiti waliofuatilia macho ya wasomaji wa eksrei walikuta wengi wanaendelea kuangalia picha baada ya kupata cha kwanza, na jicho linatua mpaka juu ya cha pili, lakini hawakioni. Yaani jicho limefika, akili haijafika. Ndo maana nasema lile jina la kuridhika halitoshi.

Sababu ya pili, ukishapata kitu akili inabaki imeshika sura yake. Umepata herufi iliyorukwa, basi kwa muda fulani unatafuta herufi zilizorukwa, na neno lililojirudia linapita kama upepo. Utafiti uliotumia data za gemu moja ya simu ambayo mchezaji anakagua mizigo ya uwanja wa ndege ulionyesha hivyo hivyo, cha pili kikifanana na cha kwanza kinapatikana kirahisi zaidi kuliko kikiwa cha aina nyingine.

Sababu ya tatu, ambayo mimi naiona ndo nzito zaidi kwa mtu anayetaka kubadilisha namna anavyofanya kazi, ni kwamba kile ulichokipata unakibeba kichwani. Unakumbuka kiko wapi ili usikihesabu mara mbili, unawaza utakiandikaje, unawaza nani kakosea, na ile nafasi ndogo ya kumbukumbu ya papo kwa papo ambayo ingekusaidia kutafuta imeshajaa. Tena mara tu baada ya kukigundua kitu kuna kipindi kifupi sana, chini ya sekunde moja, ambapo akili inapepesa kidogo na kinachopita mbele yake wakati huo hakisajiliwi.

Kwa hiyo mwongozo huu mzima unazunguka kwenye kitu kimoja, ile dakika baada ya kupata cha kwanza. Hapo ndo watu wanaanguka na hapo ndo pa kuwekea nguvu. Unafaa kwa anayekagua maandishi, hesabu, msimbo wa programu za kompyuta, picha za hospitali, bidhaa zinazotoka kiwandani, mizigo kwenye skana, hata anayetafuta vitu alivyoangusha sakafuni.

Hatua ya 1: Andika unatafuta nini, kabla hujaangalia chochote

Usianze na "natafuta makosa". Hiyo haina sura, jicho halijui litafute nini. Andika aina zako kwenye karatasi: tahajia, maneno yaliyojirudia, namba na tarehe, majina, hesabu zinazotakiwa kulingana. Mtu wa kiwandani ataandika mikwaruzo, nyufa, rangi iliyovuja, skrubu iliyokosekana. Aina tano sita zinatosha, zikizidi hapo utazisahau ukiwa katikati.

Halafu pitia kwa aina, siyo vyote kwa mkupuo. Najua inaonekana ni kupoteza muda, lakini majaribio ya akina Tamaryn Menneer yaliyotumia picha za eksrei za mizigo yalionyesha kwamba kutafuta aina mbili tofauti za vitu kwa wakati mmoja kunashusha usahihi ukilinganisha na kutafuta moja moja. Ukitafuta namba tu, pitia namba tu, maneno yaache yapite. Mimi raundi ya namba naifanya mwanzo kabisa, kabla sijasoma hata sentensi moja, kwa sababu ya lile tangazo.

Kama kazi yako haikupi nafasi ya raundi tano, fanya mbili. Ya kwanza kwa vile ambavyo vikikosewa vina madhara makubwa, ya pili kwa vingine vyote.

Hatua ya 2: Gawa eneo na ushike njia moja

Nyoosha mkono wako mbele, simamisha kidole gumba, angalia ukucha. Eneo ambalo jicho linaona kwa ukali kabisa ni kama upana wa hicho kidole, nyuzi mbili hivi, mengine yote pembeni ni ukungu ambao akili inaujazia. Jicho linaruka mara tatu au nne kwa sekunde kuhamisha hicho kidirisha, na ukiliacha lirukeruke lenyewe litakwenda panapong'aa, litarudi hapo hapo mara tatu, na kona nyingine halitaigusa kabisa huku wewe unajiona umeangalia kote.

Kwa hiyo gawa. Ukurasa gawa kwa mistari, weka rula au karatasi nyeupe chini ya mstari unaousoma. Picha gawa vyumba sita au tisa. Jedwali shuka safu moja moja. Sakafu gawa vipande ukifuata mistari ya vigae. Njia yenyewe haina maana sana kama ni kutoka kushoto au kutoka juu, kitu kinachobeba ni kwamba iwe ile ile kila siku. Kuna utafiti uliolinganisha wakaguzi wa mizigo wa viwanja vya ndege Marekani na watu wa kawaida, ukakuta kwa wakaguzi wazoefu kinachoendana na usahihi ni kufanya kwa namna ile ile kila mara. Mimi hiyo inanipa moyo, kwa sababu mpangilio unaweza kujifunza hata kama macho yako ni ya kawaida tu.

Hatua ya 3: Ukipata cha kwanza, simama

Hapa nitakaa kidogo.

Umepata. Kuna kafuraha fulani kanakuja, na kale kafuraha ndo kanakuharibia. Usiendelee kusoma ukiwa bado unakifikiria ulichopata. Fanya haya kwa mpangilio.

Weka alama mahali pale pale ulipoishia, nje ya kosa, pembeni ya mstari. Hii ni alama ya safari, siyo ya kosa. Mimi naweka nukta ya penseli upande wa kushoto, mwanzo wa mstari.

Kisha liandike kosa kwenye karatasi nyingine, kwa ufupi sana: ukurasa, mstari, aina. "Uk 3, m 7, tahajia." Basi. Usilirekebishe sasa. Hapa ndo wengi wanabisha, wanasema si bora nirekebishe nikiwa nimeliona, na mimi nawaambia hapana, ukianza kurekebisha unakuwa umetoka kwenye kutafuta ukaingia kwenye kuandika, ni kazi nyingine kabisa, na ukirudi hutarudi mahali ulipokuwa, utarudi mistari miwili mbele. Ile namba ya simu yangu ilikuwa mistari miwili tu chini, nadhani unaona ninapoelekea.

Kisha kiondoe machoni ikiwezekana. Kwenye kompyuta unaweza kukificha, kukifunika, au kukitia rangi ya kijivu hafifu isiyovuta jicho. Kwenye karatasi funika kwa kijikaratasi cha gundi. Kama ni vitu vya kushika, vitoe kabisa uweke kwenye kontena. Utafiti wa Matthew Cain na Mitroff wa 2013 ulionyesha kwamba kumbukumbu ya kilichopatikana inavuruga utafutaji unaofuata, na kukitoa kwenye picha kunapunguza shida. Alama kubwa nyekundu ya duara inayong'aa ni mtego, kila jicho likizunguka linavutwa pale. Mimi siku hizi kalamu nyekundu natumia mwisho tu, wakati wa kutafuta natumia penseli.

Halafu pumua. Kweli kabisa, inua macho juu, angalia mbali sekunde mbili tatu, rudi. Ile kupepesa kwa akili inapita haraka, unachotakiwa ni kutokuwa katikati ya mstari wakati inatokea.

Hatua hii yote ukishaizoea inachukua sekunde kumi hivi kwa kosa moja. Kwa ukurasa wenye makosa manne ni chini ya dakika.

Hatua ya 4: Rudi nyuma kidogo, uanze kana kwamba hujaona kitu

Usiendelee mbele kutoka kwenye kosa. Rudi mstari mmoja au miwili kabla yake, au mwanzo wa kile chumba cha picha, upite tena hapo hapo. Ujirani wa cha kwanza ndo eneo ambalo umeliangalia ukiwa umepepesa, kwa hiyo lisome kama jipya.

Wataalamu wa vipimo wana kitu kizuri hapa. Kwenye kusoma damu ya malaria kwa hadubini, utaratibu wa kawaida ni kupitia viwanja 100 vya kuonea (yaani yale maeneo ya duara unayoyaona kwenye lenzi, moja baada ya jingine) kabla hujasema hakuna vimelea, na ukivipata huishii hapo, unapitia viwanja 100 vingine kuhakikisha hakuna aina ya pili ya vimelea iliyojichanganya. Angalia akili iliyomo humo: kupata cha kwanza hakukupunguzii kazi, kunakuongezea. Ukiweza kuichukua kanuni hiyo moja tu ukaiweka kwenye kazi yako, ukurasa ukikutwa na kosa unasomwa mara mbili, usiokutwa na kosa unasomwa mara moja, utakuwa umeshapiga hatua kubwa. Tena ina mantiki kwa sababu makosa hayaji peke yake, aliyeandika akiwa amechoka amechoka kwa ukurasa mzima.

Hatua ya 5: Jiulize mwenzake ni nani

Vitu vingi vina vya kufuatana navyo. Madaktari wa mifupa wanafundishana kwamba mvunjiko unaokosekana zaidi ni ule wa pili. Nyonga imekaa kama duara, na duara gumu ni vigumu kulivunja mahali pamoja tu, kwa hiyo ukiona ufa upande mmoja unakwenda makusudi kutafuta mwingine upande wa pili. Mkono chini ya kiwiko una mifupa miwili iliyoungana juu na chini, mmoja ukivunjika na kupinda unaangalia viungo vyote viwili, cha kiwiko na cha kifundo, kama mwenzake hajachomoka. Hawa hawategemei jicho liangukie hapo kwa bahati, wanalipeleka.

Tengeneza orodha yako ya namna hiyo. Ukikuta jumla imekosewa, angalia asilimia zilizotokana nayo. Ukikuta jina limeandikwa vibaya, litafute kwenye faili zima kwa herufi zile zile mbaya. Ukikuta aya imekatwa ikabandikwa mahali pengine, soma mishono yote miwili, ilikotolewa na ilikowekwa. Kwenye msimbo wa programu ukikuta mahali ambapo mtu amesahau kuangalia kama thamani ni tupu, kwa kawaida amesahau pia kwenye kile kipande kingine kilichonakiliwa kutoka hapo.

Halafu, kinyume chake, jiulize pia ni aina gani SIJAPATA kabisa. Umepata makosa sita ya tahajia, na la namba hujapata hata moja? Inawezekana hakuna, inawezekana pia akili yako imeshakuwa ya tahajia tu. Hapo rudi kwenye karatasi ya hatua ya 1, chukua ile aina yenye sifuri, ipitie peke yake.

Wasomaji 24 wa picha za mapafu walipewa kazi ya kutafuta vinundu (vivimbe vidogo), na watafiti (Trafton Drew, Melissa Võ na Jeremy Wolfe, 2013) wakaweka ndani ya picha za mwisho sura ya sokwe kubwa mara 48 ya kinundu cha kawaida. Wasomaji 20 hawakumwona. Na wengi wa hao 20 macho yao yalitua juu yake kabisa. Ni watu waliosoma miaka mingi, hodari, walikuwa wanatafuta vinundu, basi. Kila nikikumbuka ile namba 20 kati ya 24 naheshimu sana ile raundi ya mwisho ambayo nasoma bila orodha yoyote, naangalia tu kama kuna kitu cha ajabu.

Hatua ya 6: Amua mapema utaacha lini

Ukiacha pale unapohisi "sasa inatosha", hisia hiyo inapangwa na ulichokutana nacho hivi karibuni, haijui kilichobaki. Kama vitu ni adimu unaacha mapema. Jaribio maarufu la Wolfe na wenzake la 2005 lilikuta vitu vikiwepo kwenye nusu ya picha watu wanakosa kama asilimia 7, lakini vikiwepo kwenye picha 1 kati ya 100 wanakosa kama asilimia 30. Watu wale wale, vitu vile vile. Mkono umeshazoea kubonyeza "hakuna".

Kwa hiyo weka kanuni inayotegemea eneo na raundi, siyo hisia. Ya kwangu ni hii: naacha nikishamaliza vyumba vyote kwa aina zote, NA raundi ya mwisho nzima imepita bila kupata kitu kipya. Raundi ya mwisho ikileta hata kosa moja, siyo ya mwisho tena. Kwa mambo mazito fanya hivyo, kwa barua ya kawaida raundi moja safi inatosha, usijitese.

Usijiambie pia "hizi huwa zina kosa moja tu". Ukishajipa idadi, ukiifikia mwili wenyewe unalegea.

Hatua ya 7: Muda na hali yako

Hapa ni fupi. Presha ya muda inaongeza kukosa cha pili, hasa kama cha pili ni hafifu na cha kwanza kilikuwa cha wazi. Wasiwasi nao hivyo hivyo, kuna jaribio la 2011 ambapo watu waliokuwa wakisubiri kupigwa shoti ndogo ya umeme wasiyojua itakuja lini walikosa cha pili zaidi ya wakati walipokuwa wametulia. Kwa hiyo bosi anayesimama nyuma yako akiuliza "umemaliza?" anakushushia usahihi kweli, mwambie kwa heshima arudi baada ya nusu saa. Fanya vipindi vifupi, nusu saa hivi halafu simama. Zima simu. Ongeza ukubwa wa maandishi na mwanga kabla ya kulaumu macho.

Hatua ya 8: Iache, urudi baadaye

Hii ni tofauti na kupumzika. Ukishapata cha kwanza kwenye ukurasa au picha, unaweza kuiweka pembeni kabisa, ukafanya nyingine kadhaa, halafu ukairudia kama kazi mpya. Kuna utafiti uliojaribu hivyo mwaka 2014, baada ya cha kwanza kupatikana ile picha inaondolewa, mtu anafanya zingine, kisha inarudishwa, na makosa ya kukosa cha pili yakapungua. Mimi nafanya mafungu mawili, kurasa zilizokutwa na kitu nazitupia fungu la kulia, nikimaliza zote ndo narudi kwa hilo fungu na kichwa kimeshasahau.

Ikiwezekana badilisha na sura. Chapisha kilichokuwa kwenye skrini, badilisha aina ya herufi, geuza picha kushoto kulia kama kazi yako inaruhusu, soma aya kuanzia ya mwisho kwenda ya kwanza. Kusoma kwa sauti kunaikamata ile "wa wa" vizuri sana kwa sababu mdomo hauruki neno kama jicho linavyoruka.

Hatua ya 9: Jicho la pili, lakini lisilojua

Kumpa mwenzako aangalie ni dawa nzuri kama tu hajui ulichopata. Ukimpa karatasi yenye alama zako umemwambukiza ugonjwa wako, macho yake yataenda kwenye alama, atakubaliana na wewe, atarudisha. Mpe nakala safi. Kila mtu apitie peke yake, kisha mkae mlinganishe.

Na hapo kuna hesabu moja tamu ambayo mwanahisabati George Pólya aliiandika mwaka 1976 kwa ajili ya wasahihishaji. Chukua idadi uliyopata wewe, zidisha na aliyopata mwenzako, gawanya kwa yale mliyoyapata wote wawili. Mfano mimi nimepata 20, mwenzangu 15, na 12 kati ya hayo tumeyaona wote. 20 mara 15 ni 300, gawanya kwa 12 ni 25. Kwa pamoja tumepata 23 tofauti (20 jumlisha 15 toa 12), kwa hiyo makadirio ni kwamba kuna kama 2 bado yamejificha humo. Mara ya kwanza kuifanya hesabu hiyo nilirudi kwenye yale maandishi nikayakuta yote mawili, moja lilikuwa kwenye maelezo chini ya picha ambayo wote tuliyaruka.

Angalizo, hesabu inachukulia kwamba kila kosa lina nafasi sawa ya kuonekana, na maisha hayako hivyo, makosa magumu yanawapita wote wawili kwa pamoja, kwa hiyo jibu lichukulie kama kiwango cha chini. Na kama mliyoyapata kwa pamoja ni machache sana, tuseme 20 na 15 lakini yanayolingana ni 4 tu, makadirio yanaruka mpaka 75, hapo usipoteze muda kutafuta kosa moja moja, kazi nzima irudiwe upya.

Hatua ya 10: Jipime mwenyewe

Bila kupima hutajua kama hizi hatua zinakusaidia au zinakupa tu faraja. Mwombe mtu apande makosa kwenye nakala ambayo haitumiki popote. Siri iko kwenye jinsi ya kuyapanda: kurasa nyingine ziwe na kosa gumu peke yake, nyingine ziwe na kosa gumu la aina hiyo hiyo pamoja na moja la wazi linaloruka machoni, na nyingine zisiwe na kitu kabisa. Kurasa 30 zinatosha kuanzia, kumi kumi.

Halafu usihesabu jumla ya uliyopata, hiyo itakudanganya. Linganisha makosa magumu tu: ni mangapi ulikosa yalipokuwa peke yake, na ni mangapi ulikosa yalipokuwa na jirani wa wazi ambaye ulimwona. Tofauti ya hizo namba mbili ndo ukubwa wa tatizo lako. Ukikosa sawasawa pande zote shida yako ni nyingine, labda hujui hayo makosa yanafananaje, au mwanga ni mbaya, na hatua ya 3 na ya 4 hazitakusaidia sana. Ukikosa zaidi upande wenye jirani, basi ni hili ninaloliongelea. Zile kurasa zisizo na kitu nazo ziandikie, ukianza kuona makosa yasiyokuwepo ujue umejikaza kupita kiasi.

Rudia baada ya mwezi kwa nakala nyingine, na safari hii mwambie aliyekupandia aweke lile kosa gumu mistari miwili chini ya lile la wazi.